Mtaa wa Lisbon Haukufunguliwa na Mtu Mmoja

Watu wakiniuliza mtaa wetu ulipataje uhai tena, huanza na mwenye nyumba aliyenipangisha duka kwa nusu ya kodi mpaka theluji iishe. Alikuwa na vyumba vitatu vya maduka, vyote vimebandikwa magazeti kwenye vioo, na kila msimu wa baridi alinunua mafuta ya kuvipasha joto ili mabomba yasigande yakapasuka. Alikuwa analipia giza. Mimi nilikuwa na wateja, sina mahali. Hesabu tuliifanya tumesimama mle ndani, hatujavua hata makoti.

Huku ni Lewiston, jimbo la Maine, kando ya mto Androscoggin, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani. Ni mji wa viwanda vya nguo. Bates Mill, cha miaka ya 1850, kiliwahi kuajiri watu wengi kuliko kampuni nyingine yoyote jimboni, na waliokiendesha wengi walikuja kwa treni kutoka Quebec, Wakatoliki wenye Kifaransa chao. Mishahara ya kiwandani ndiyo iliyolisha maduka ya Mtaa wa Lisbon. Kazi za nguo zikahamia majimbo ya kusini na ng'ambo. Maduka mapya yakajengwa upande wa pili wa mto, Auburn, kwenye nafasi tele ya kuegesha magari. Peck's, duka la ghorofa lililokuwa fahari ya mji, likafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1970 mji ulikuwa na watu 41,779. Kufikia 2000 walikuwa 35,690.

Sisi Wasomali tulianza kuingia mwaka 2001, wengi tukitokea Clarkston, Georgia. Mimi nilizaliwa Somalia, nikakulia kambi ya Utange, Mombasa, baada ya vita vya 1991, na Kiswahili ndicho nilichochezea utotoni. Tulitafuta shule zenye utulivu na nyumba tunazoweza kuzilipia. Tulizipata. Kazi ndizo zilizokuwa adimu, na si kwetu peke yetu, jambo ambalo wenyeji walikuwa na haki ya kulisema.

Oktoba 2002 ilichapishwa barua ya wazi ikitutaka tupunguze kasi ya kuja, kwamba mji umeelemewa. Nilisomewa barua hiyo nikiwa na mimba ya mwanangu wa pili, na kwa wiki kadhaa sikutoka nje ila kwa lazima. Kisha kikundi cha wabaguzi kikatangaza kuja kuhutubia. Siku yao, 11 Januari 2003, watu zaidi ya 4,000 walikusanyika Bates College kutuunga mkono. Wale wabaguzi hawakufika hata mia.

Hotuba zote zimenitoka. Lililobaki ni swali la muuza viatu wa Mtaa wa Lisbon, mzee mwenye asili ya Quebec, aliyenifuata mlangoni na kuuliza watu wetu wananunua wapi nyama. Nikamwambia tunachanga petroli, tunakwenda hadi Boston kutafuta ya halali, zaidi ya saa mbili barabarani.

"Basi kila wiki pesa zinatoka mjini kwa gari," akasema. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa mwenye nyumba.

Kodi ilipatikana, majokofu bado. Benki ilikuwa na mkopo wa riba, na riba siichukui. Wanawake tulikuwa na mchezo, Wasomali huuita hagbad, kila mmoja anatoa na kila mmoja ana zamu yake; ukanipa bidhaa za rafuni. Shirika moja la mikopo midogo likakubali kununua majokofu lenyewe kisha kuniuzia kwa bei tuliyoafikiana, nikilipa kidogo kidogo. Ilichukua vikao vingi mpaka mshauri wao aelewe kwamba sikatai kulipa, nakataa riba. Alipoelewa, yeye mwenyewe alikwenda kuwaeleza wakubwa wake. Dua zangu humtaja.

Usiku mmoja kioo cha duka kilipigwa jiwe. Nilipofika asubuhi muuza viatu na kinyozi wa mtaani walikuwa wamekwisha kupigilia mbao na kufagia vigae. Tangu hapo tulianza kukutana, wenye maduka wote, Jumatatu jioni. Tuliafikiana mambo madogo: taa za madirishani ziwake mpaka usiku hata duka likiwa limefungwa, theluji ya mbele asafishe anayefika kwanza, bila kuuliza mlango ni wa nani, mteja akikosa kitu kwako, mpeleke kwa jirani. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mwenyeji na mgeni walikuwa wagonjwa wote wawili.

Mwaka 2013, Aprili na Mei, moto uliteketeza majengo ya kupanga katikati ya mji na watu kama 200 wakakosa makazi. Wengi walikuwa kwenye daftari langu la madeni. Sikuthubutu kumdai mama aliyetoka na watoto na nguo za kulalia. Lakini muuzaji wa jumla alinidai mimi. Dada aliyekuwa na zamu ya mchezo mwezi ule akasema, "Chukua wewe, dukani kwako wanakula wengi." Bila yeye ningefunga.

Tarehe 25 Oktoba 2023 mtu mwenye bunduki aliwaua watu 18 katika mji huu. Tulijifungia majumbani mpaka alipopatikana. Tulipofungua tu, mapishi yakaanza, sambusa kwa masinia, na waliokuja kula walikuwa wa kila rangi, wengine wakilia wamesimama.

Siku hizi wanakuja Wakongo na Warundi, na dukani Kiswahili changu kimepata watu. Wazee wa Quebec nao husogea, maana Wakongo wanajua Kifaransa chao. Chumba cha tatu cha mwenye nyumba wangu kimebaki kitupu tangu korona. Binti mmoja kutoka Bukavu anakitaka kwa mkate na maandazi. Hana mali wala rekodi ya mkopo hapa Marekani. Jumatatu iliyopita tulitia saini kumdhamini, mimi, kinyozi, na mtoto wa yule muuza viatu. Sasa tunamtafutia tanuri.