Si Lazima Niwe Shujaa wa Sinema

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nina kifafa, na kwa miaka mingi kwetu Likoni neno hilo halikutamkwa nyumbani kwa sauti. Wapo waliosema ni jini, wapo waliosema nimerogwa, na wapo waliokimbia povu wakidhani laambukiza. Kifafa hakiambukizi. Ni hitilafu ya umeme wa ubongo, na Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi nacho.

Sisi wa Pwani tumelelewa na picha za Kihindi, na humo ndimo nilimotafuta mtu kama mimi. Katika My Name Is Khan ya mwaka 2010, Shah Rukh Khan ni mtu mwenye aina ya usonji. Hajui kuzungumza na watu, lakini hutengeneza karibu kila kilichoharibika, na mwisho anakutana na rais mteule wa Marekani. Katika Rain Man ya mwaka 1988, Dustin Hoffman naye ana usonji, na kwa kukumbuka karata anamchumia nduguye pesa Las Vegas.

Picha hizo ni tamu, nami nimezililia. Lakini zina sharti: mtu hupendwa akishaonyesha kipaji cha ajabu. Je, sisi wengine? Mimi ni fundi wa cherahani. Nashona sare za shule, basi.

Ndiyo maana naipenda zaidi Hichki, yaani kwikwi, ya mwaka 2018. Rani Mukerji ni mwalimu mwenye maradhi ya Tourette. Sauti zamtoka na shingo yamruka bila hiari yake. Alipokuwa mtoto, mwalimu mkuu alimwita mbele ya shule nzima akamwuliza wamsaidie vipi. Akajibu kwamba atendewe kama wanafunzi wengine. Hadithi hiyo imetokana na maisha ya mwalimu Mmarekani, Brad Cohen. Hapo hapakutakiwa muujiza, ila ulimi.

Nami niliutumia wangu. Niliwaambia wenzangu kazini: nikianguka, ondoeni mkasi, nilazeni kwa ubavu, legezeni ukosi. Msinitie kijiko kinywani wala msinikandamize. Tazameni saa, zikipita dakika 5, nikimbizeni hospitali. Tangu siku hiyo hakuna anayekimbia, na kwenye feri rafiki zangu hunivuta nisisimame ukingoni, kisha tunaendelea na porojo zetu.

Mzazi mwenzangu wa Kisauni au Changamwe, kama mwanao ana kifafa, mpeleke hospitali. Shirika hilo lasema hadi watu 70 kati ya 100 wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Dawa asiikatize bila idhini ya daktari. Mpeleke shule, na umweleze mwalimu wake mapema. Usingoje awe bingwa wa hesabu ndipo umtoe mbele ya wageni.