Deni la Besi

Tulitoka Nakuru saa kumi na moja asubuhi, watu kumi na wanne ndani ya matatu moja ya kukodi. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, lakini jaribu kusema "naenda jijini" uone kama kuna mtu atakuelewa tofauti na Nairobi.

Tulikuwa tunaenda kusikia *Messiah* ya Handel, na okestra nzima, katika kanisa la All Saints. Kwaya yetu huimba "Hallelujah" kila Krismasi kwa kinanda kimoja, tukisoma solfa kwenye fotokopi zilizofifia. Kazi yenyewe yote, hakuna aliyewahi kuisikia.

Wenzangu walikuwa wanaimba njiani. Mimi tumbo lilikuwa linanikata. Miaka mitatu iliyopita, kwaya hiyo hiyo ilinifanyia harambee ya karo. Mwalimu wa kwaya alishika kikapu mwenyewe. Mwaka wa kwanza ukalipika. Wa pili balansi ikanilemea, nikabeba godoro nikarudi nyumbani, nikaanza kuandikia watu makala za mtandaoni. Kwaya niliiambia niko likizo. Likizo ya miezi kumi na minne.

Tukiwa Waiyaki Way, mama mmoja wa soprano akageuka. "Si chuo chenu kiko hapa mbele? Utatutembeza?"

"Leo Jumamosi, kumefungwa," nikasema.

Chuo gani hufungwa Jumamosi?

Kanisani nilikaa nikiangalia mpiga ngoma. Sehemu ya kwanza ikaisha, ya pili ikaenda, yeye mikono mapajani tu. Handel hakumpa hata pigo moja hadi "Hallelujah". Ilipofika, watu wote wakasimama, kama ilivyo desturi, na safu yetu ilikuwa ya kwanza. Ngoma ikalia. Besi ya okestra niliisikia kwa miguu, kupitia sakafu. Midomo yetu ilikuwa inacheza, tukiimba bila sauti. Mwalimu alikuwa analia waziwazi, bila hata kutafuta leso.

Kabla ya hapo, wakati wa mapumziko, nilikuwa nimesoma karatasi ya programu. Handel aliandika muziki huu kwa siku 24, mwaka 1741. Uliimbwa mara ya kwanza Dublin, Aprili 1742, na sehemu ya pesa ikaenda kuwatoa watu waliofungwa kwa sababu ya madeni. Hiyo sentensi niliisoma mara mbili, nikaikunja nikaiweka mfukoni.

Usiku tulisimama Kikopey kula nyama. Nilimvuta Mwalimu kando nikamwambia yote, haraka haraka.

Aliendelea kutafuna. "Mwanafunzi gani wa Nairobi anakuja mazoezi Nakuru kila Alhamisi?"

"Kwa hivyo ulijua?"

"Besi tuko nao watatu. Ningekufukuza?" Akachovya nyama kwa chumvi. "Lakini hao wengine pia walitoa pesa. Kuna mama aliuza kuku. Mimi sitakusemea."

Tukarudi kwa mat. Nilisema nitaongea tukipita Elementaita, nikanyamaza. Nikasema Mbaruk, tukapita. Taa za Pipeline zilipoanza kuonekana, niliomba dereva apunguze redio.

"Watu wangu," nikasema, na sauti ikatoka juu kabisa, ya teno. "Kuna kitu sijawaambia."