Monte Cassino: Kuta Changa, Nyumba Kongwe

Kwetu tuliokulia Songea, monasteri ilikuwa moja tu: Peramiho. Kengele yake, kanisa kubwa, karakana za mabruda, hospitali, kiwanda cha uchapaji. Vyote hivyo kwa akili yangu ya utotoni vilikuwapo tangu na tangu kama milima ya Matogoro. Fikra hiyo niliibeba ukubwani, mpaka safari ya Italia iliponifikisha Monte Cassino, kusini mwa Roma. Hapo ndipo Mtakatifu Benedikto alipoanzisha monasteri yake mnamo mwaka 529, na ndipo ilipoandikwa Kanuni ambayo watawa wa Peramiho wanaishika hadi leo.

Basi la kutoka mjini Cassino hupanda kona baada ya kona hadi juu, zaidi ya mita 500. Nilitegemea kukuta mawe yaliyolika kwa mvua za karne nyingi. Nilikuta mawe meupe, safi. Nilipapasa nguzo moja uani: pembe zake zilikuwa bado kali, zimechongwa sawasawa. Kanisani, marumaru za rangi zinang'aa sakafuni na ukutani. Kumbe sehemu kubwa ya niliyoyaona ilikuwa na umri mdogo kuliko mama yangu!

Monasteri hii imeangushwa mara nne. Walombardi waliibomoa katika karne ya 6, Wasaraseni wakaichoma mwaka 883, tetemeko likaiporomosha mwaka 1349. Kisha, katika Vita vya Pili vya Dunia, tarehe 15 Februari 1944, ndege za Washirika ziliimwagia mabomu, zikaua raia waliokuwa wamekimbilia humo. Maandiko ya kale yalinusurika kwa kuwa yalikuwa yamehamishiwa Roma mwaka uliotangulia. Ukisimama barazani juu, unayaona chini makaburi ya askari wa Poland waliofia vitani hapo, misalaba zaidi ya elfu moja. Watawa walirudi, wakajenga upya mahali palepale kwa ramani ileile, na Papa Paulo VI akaitabaruku tarehe 24 Oktoba 1964.

Tangu siku ile siitazami Peramiho kwa jicho la zamani. Nayo ilianzishwa mwaka 1898 na kuchomwa mwaka 1905 katika Vita vya Maji Maji, mwaka aliouawa Askofu Mbenedikto Cassian Spiss. Mwaka uliofuata, kwa sababu ya vita hivyo, watawala wa Kijerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni pale Songea. Kanisa tunalolijua ni la miaka ya 1940. Lilisimamishwa na watu waliokuwa na kumbukumbu ya vita hivyo.

Nyumba ya namna hii huwa kongwe kwa sababu kila kizazi hukubali kuijenga tena. Cassino wameandika habari za waliobomoa na za waliojenga. Sisi Peramiho tunao watoto na wajukuu wa mafundi na vibarua waliobeba mawe na matofali. Tuwaendee sasa, tuwaulize, tuyaandike majina yao.