Kitabu cha Gurnah jikoni kwetu Kilburn

Binti yangu ana miaka 16. Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu kwa Kiingereza. Bibi yake akipiga simu kutoka Unguja, salamu zikisha na mazungumzo yamekwisha.

Siku moja alirudi na kitabu cha maktaba: Theft, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka 2025, ya kwanza tangu apewe Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. "Mama, huyu mtu wa kwenu," akaniambia.

"Wa kwetu," nikamsahihisha.

Mimi riwaya za Kiingereza hunishinda. Basi yeye akawa anasoma mezani, mimi nakaanga vitunguu, na kila baada ya kurasa chache ananisimulia. Mna kijana, Badar, aliyepelekwa kutumikia nyumba ya watu Dar es Salaam, kisha akasingiziwa wizi. "Kwa nini asiondoke tu?" akauliza.

Nikazima jiko.

Nilikuwa na miaka 9 nilipopelekwa mjini kwa jamaa zake baba. Niliambiwa nakwenda kusoma. Nilisoma kweli, lakini baada ya kufagia uwanja, kuteka maji na kukuna nazi. Siku moja pete ya mwenye nyumba ikapotea. Nilipekuliwa mimi, mpaka kwenye nywele. Jioni pete ikaonekana chini ya godoro lake mwenyewe. Hakuna aliyeniomba radhi. Nami ningeondoka niende wapi?

Haya sikuwahi kumwambia mtu hapa London. Nilimwambia kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza sina maneno yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja: "Kupekuliwa, ndiyo nini?"

Baada ya hapo nikaagiza Peponi, tafsiri ya riwaya ya Gurnah ya mwaka 1994, Paradise. Aliyeitafsiri ni Dk. Ida Hadjivayanis, mwalimu wa Kiswahili pale SOAS, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapisha 2022. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri kwa deni la baba yake. Kila Jumapili binti yangu hunisomea kurasa mbili kwa sauti. Hukwama, huchekwa na mdogo wake, huendelea.

Wazazi wenzangu, miaka yote nimemgombeza mtoto huyu aseme Kiswahili, na kumbe sikuwa nimempa jambo la kukisemea.

Wiki iliyopita bibi yake alipiga. Salamu zikesha. Nikasikia mtoto anasema, polepole, "Bibi, kwa nini mlimpeleka mama mjini?"

Simu ikanyamaza. Kisha sauti ya mama yangu: "Kaa kitako, mjukuu wangu, nikwambie."

Nilikuwa naosha vyombo. Nikafunga bomba, nisikie na mimi.