Jeki na Uvungu wa Gari

Sisi tuliofanya kazi katika karakana za jeshi tulifundishwa na malori. Lori lina uvungu mkubwa. Fundi huinama kidogo, akaiweka jeki ya chupa chini ya ekseli, akasukuma mpini, na kazi ikaendelea. Kwa sababu hiyo, tulipoingia dukani tulikuwa na swali moja tu: jeki hii yainua tani ngapi? Tulipojibiwa tani 10 au 20, tuliridhika. Swali hilo ni jema kwa lori. Kwa gari dogo la mbio, ambalo tumbo lake linakaribia kugusa ardhi, swali hilo halistahili kutangulia.

Mpwa wangu anaishi Kampala, na sehemu ya riziki ya nyumba yake hutoka katika gari aina ya Mazda MX-5 analolikodisha kwa maharusi. Ni gari la viti viwili lenye paa la kufunuliwa. Aina hiyo ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Chicago, Marekani, mwaka 1989, na kufikia mwaka 2016 yalikuwa yamekwisha kutengenezwa magari 1,000,000. Yale ya awali yana uzito wa takriban tani 1. Mtu aliyelimiliki gari hilo kabla yake alifupisha springi ili lilale chini zaidi na kupendeza macho. Lilipendeza kweli, lakini siku tairi lilipotoboka, hapakuwa na jeki mtaani iliyoweza kuingia chini yake. Jeki ya chupa ya kawaida huwa na kimo cha sentimita 15 au zaidi hata kabla haijaanza kuinua. Vijana wakaliinua gari kwa mikono na kuliegemeza juu ya matofali. Tofali moja likapasuka, gari likaanguka, na kijana aliyekuwa akitoa tairi akavunjika vidole viwili. Lau angalikuwa ameingiza kichwa uvunguni, siku hiyo tungalikwenda kuzika.

Baada ya msiba huo kutupita, mpwa wangu alikata shauri kununua jeki ya tani 5. "Mjomba," akaniambia, "safari hii nataka yenye nguvu kupita zote." Nikamjibu kwamba gari zima halizidi tani 1, na jeki huinua upande mmoja tu kwa wakati, ya tani 2 yatosha na kubakiza. Kisha nikamtaka alete rula.

Tulipima uvungu wa mbele, tukapata sentimita 10. Tukatoa upepo katika tairi moja, tukapima tena. Zikabaki kama 6. Kipimo hiki cha pili ndicho watu wengi husahau, ilhali jeki huhitajiwa zaidi siku ambayo tairi limekwisha upepo. Jeki ya kawaida ya magurudumu, ile ya kusukumwa sakafuni, huwa na kimo cha sentimita 13 au 14, hivyo haifai. Zipo zilizotengenezwa kwa magari ya chini, zenye kimo cha sentimita 7 hadi 9. Hata hizo huhitaji msaada: gari husogezwa polepole juu ya ubao mpana wenye unene wa sentimita 4, na jeki hupata nafasi ya kupita.

Lakini kuingia ni nusu ya safari. Jeki yapaswa pia kuinua gari juu kiasi cha kuwezesha stendi za chuma kuwekwa chini yake. Stendi nyingi, hata zikishushwa kabisa, hukaribia sentimita 28. Jeki fupi inayokomea sentimita 33 itamwacha fundi akihangaika. Ile inayofika 45 au 50 humpa nafasi. Basi muuzaji na aulizwe vimo vyote viwili, cha chini na cha juu.

Tatu, itazamwe jeki yote, si kichwa chake peke yake. Mahali pa kuinulia sehemu ya mbele ni boriti ya chuma iliyo chini ya injini, mbali nyuma ya bampa. Ikiwa kichwa ni kifupi lakini mkono unaokibeba umepanda kama nundu, bampa litazuia. Mahali penyewe huonyeshwa katika kitabu cha gari. Bati la sakafu halibebi uzito, hubonyea.

Nne, itazamwe ardhi. Mkono wa jeki hupanda kwa mzunguko, na kwa hiyo jeki nzima hujivuta kufuata gari kadiri linavyoinuka. Juu ya saruji magurudumu yake huteleza vizuri. Juu ya udongo huzama, jeki ikakwama, na kichwa kikaanza kuliburuta gari kando. Penye ua wa udongo, kama kwa wengi wetu, jeki iwekwe juu ya ubao mgumu na mrefu unaoiruhusu kutembea.

Mpwa wangu alipata jeki iliyotumika, ya tani 2, katika soko la Kisekka. Kabla ya kulipa tuliomba iinue gari lililokuwa hapo, tukaiacha kwa dakika 10. Haikushuka, wala mafuta hayakuonekana pembeni mwa pistoni. Jaribio hilo lina sababu. Jeki hizi hufuata kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: pampu nyembamba husukuma mafuta chini ya pistoni pana, na nguvu ndogo ya mkono huwa kubwa. Maana yake ni kwamba gari lililoinuliwa limekalia mafuta kidogo yaliyozuiwa na pete za mpira. Pete ikichakaa, gari hushuka bila kubisha hodi.

Kwa hiyo jeki ni ya kuinulia. Ya kushikilia ni stendi. Breki ya mkono ivutwe, magurudumu yaliyobaki chini yawekewe vizuizi, watoto waitwe mbali, stendi ziwekwe, gari litikiswe kidogo kwa mkono, ndipo mtu aingie uvunguni. Matofali yaachiwe waashi. Na ikiwa fedha za mshahara wa mwezi hazitoshi kununua vyote viwili, basi, ndugu yangu, nunua stendi kwanza. Jeki utaazima kwa jirani.