Nakala Ndani ya Begi Lilelile

Begi lilikuwa mapajani mwangu. Mvua ilikuwa inanyesha, nikawa nimelikumbatia lisilowe. Bajaji ikasimama kwenye foleni pale Mwenge, pikipiki ikapita ubavuni, mkono ukaingia, begi likaenda. Dereva akageuka akasema, "Pole dada, hao huwapati." Kweli hatukuwapata.

Kompyuta inanunuliwa, hata kwa kukopa. Lakini ndani yake mlikuwa na kama saa tano za sauti ya bibi yangu, mzaa mama, akisimulia maisha yake ya Lindi. Nilimrekodi likizo mbili, nikijiambia ipo siku nitaandika kitabu. Bibi alishafariki wakati huo, kwa hiyo hakukuwa na kwenda kumrekodi tena.

Na nakala nilikuwa nayo! Hapo ndipo panaponiuma. Niliiweka kwenye diski ya nje, nikaibandika karatasi: BIBI, USIFUTE. Diski hiyo ilikuwa mfuko wa mbele wa begi lilelile.

Desemba 1922, Hadley, mke wa Ernest Hemingway, alitoka Paris kumfuata mumewe Lausanne, Uswisi, alikokuwa kikazi kama mwandishi wa gazeti. Alibeba sanduku lenye karibu hadithi zote alizokuwa ameandika. Likaibwa stesheni ya Gare de Lyon. Nilipoisoma habari hiyo chuoni nilimkasirikia yule mama: asili na nakala za kaboni, zote sanduku moja? Sasa nimemsamehe. Mtu anapofungasha kwa upendo anataka kila kitu kiwe pamoja. Hadithi chache zilizopona ni zile ambazo hazikuwepo: moja ilikuwa kwa mhariri, nyingine imesahaulika kwenye droo.

Yangu ilipona kwa mama mdogo. Niliwahi kumtumia kipande cha dakika nne kwa WhatsApp, na yeye, asante Mungu, ni mtu asiyefuta kitu kwenye simu yake. Simu inamlalamikia imejaa, yeye haijali. Miaka yote tulikuwa tunamcheka.

Siku hizi mahojiano yangu yanakaa sehemu tatu: kwenye kompyuta, mtandaoni, na kwenye diski iliyopo kwa dada yangu Dodoma. Dada anaona nimezidisha. Pamoja na faili naweka na programu ya kuzifungulia, maana nimewahi kukuta rekodi za simu ya zamani zipo nzima kabisa na hakuna kinachozifungua. Za sauti nazigeuza kuwa MP3. Kila mwisho wa mwezi nachagua faili moja, yoyote ile, naisikiliza. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni matumaini tu. (Nenosiri nimeliandika kwenye daftari. Daftari liko wapi, hilo siandiki hapa.)

Zile dakika nne hazina hadithi yenyewe. Bibi bado hajaanza. Anasogeza kiti, anamfukuza kuku, anakohoa, kisha anauliza, "Mjukuu wangu, hicho kidude kinanasa kweli?"

Nami nasikika nikimjibu, haraka haraka, "Kinanasa, bibi. We ongea tu."