Vitu vya Kuchukua na Vitu vya Kuacha



Mwezi huu napenda kunena nanyi habari ya jambo linalozidi kutokea kwetu Kaloleni na pwani yote, nalo ni kuhamia ng'ambo. Zamani aliyevuka bahari alikuwa kijana mmoja aendaye kusoma, na mzigo wake ulikuwa sanduku moja. Siku hizi nyumba nzima yaondoka, mume na mke na watoto, nayo nyumba ina vitanda, masufuria, vitabu na mashine. Ndipo huzuka swali: kipi kipakiwe merikebuni, kipi kiuzwe, na kipi kiachwe? Wengi hudhani ya kuwa hili ni swali la fedha tu. Mimi nimeona ya kuwa ni swali la fedha kwanza, kisha ni swali la watu.

Mdogo wangu, binti wa mwisho wa mama yetu, ni muuguzi. Mwaka 2024 alipata kazi katika hospitali moja ya Uingereza, upande wa kaskazini, akapata na ruhusa ya kwenda pamoja na mumewe na watoto wao wawili. Walikuwa na miezi mitatu ya kujitayarisha. Nami nikaitwa nyumbani kwao Mombasa niandike orodha, maana mwalimu hudhaniwa kuwa kazi yake ni kuandika orodha. Twaliketi mezani jioni tatu, tukaenda chumba kwa chumba, tukajaza kurasa 6 za daftari. Orodha ilipokwisha tuliisoma kwa sauti, nasi tukacheka, kwa kuwa hata ndoo iliyotoboka ilikuwamo. Kicheko kilikoma tulipoipeleka kwa wakala wa mizigo, naye akatutajia bei.

Sikilizeni jinsi bei hiyo ipatikanavyo. Mzigo wa nyumbani uendao kwa merikebu hulipiwa kwa nafasi unayoshika. Kontena la futi 20 lina nafasi ya ndani ipatayo mita za ujazo 33, na la futi 40 lina kama 67. Mwenye vitu vichache hushirikiana kontena na wengine, akalipa kwa kila mita ya ujazo. Basi merikebuni adui yako ni ukubwa wa kitu kuliko uzito wake. Kiti cha sofa chala nafasi kubwa, na ndani yake hamna ila sponji na hewa.

Nako kwenye ndege mambo ni mengine. Huko hupima uzito, lakini hupima na ukubwa, wakatoza kwa kile kilichozidi. Hesabu yao ya shehena ni hii: urefu mara upana mara kimo, kwa sentimita, kisha gawanya kwa 6,000. Sanduku la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 huhesabiwa kilo 20. Ukilijaza mito yenye kilo 4, utalipa kilo 20 vilevile. Walimu, hesabu hii yafaa kufundishwa darasani, maana watoto wetu watakuja kuihitaji.

Tulipokwisha kufahamu hayo, kurasa 6 zilipungua upesi. Sofa ikatoka, kabati la nguo likatoka, friji nayo ikatoka. Shemeji yangu aliipenda sana sofa ile, akaizunguka mara mbili, kisha akanena, "Haya, ifute." Tangu hapo tuliuliza kila kitu swali moja: Utafanya kazi gani huko?

Vyombo vya umeme vilijibu vizuri kwa sababu ya nchi waliyokuwa wakiiendea. Umeme wa Kenya na wa Uingereza wakaribiana, volti 240 na volti 230, na plagi ni ileile ya meno matatu bapa. Pasi ya Mombasa hupiga nguo kule pasipo taabu. Lakini ndugu zetu waendao Marekani wasijidanganye, maana umeme wa huko ni volti 120, na pasi ya kwetu haitapata moto wa kutosha.

Jikoni ndiko tulikokaa zaidi. Jiko la makaa tuliliacha bila shauri refu, kwa kuwa nyumba za baridi hufungwa madirisha, na moshi wa makaa ndani ya nyumba iliyofungwa huua watu usingizini. Kinu kilikuwa kizito tena kipana, nacho kikaachwa. Vyungu vya udongo havistahimili mtikiso wa safari. Lakini nilipofika kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mdogo wangu aliniwekea mkono juu ya daftari, akasema, "Kaka, hiyo usiifute." Mbuzi ile hukunjwa, ikalala bapa kama ubao mmoja. Nazi zapatikana Uingereza, lakini mbuzi aliyoizoea mkono wake haipatikani katika kila mji. Ikaingia, na kifumbu cha kuchujia tui, na upawa, na leso nane. Leso hazina uzito, nazo zina kazi nyingi kuliko nguo yoyote. Vitabu ni vizito, lakini katika merikebu havishiki nafasi, basi tulichagua vile vya Kigiriama na vya Kiswahili, ili watoto wasisahau kusoma lugha zao. Vile vya Kiingereza vilibaki shuleni kwangu, maana waenda penye asili yake.

Kisha kuna sheria. Uingereza humsamehe ushuru ahamiaye na vitu vyake, lakini kwa masharti. Awe amekaa nje ya nchi hiyo miezi 12 mfululizo au zaidi. Vitu viwe vyake, naye awe amevitumia miezi 6 au zaidi kabla ya kuhama. Tena asiviuze, wala kuvikodisha, wala kumwazima mtu, mpaka miezi 12 ipite. Ombi la msamaha huu hupelekwa mapema, pamoja na orodha. Kwa hiyo si busara kununua masufuria mapya kwa ajili ya safari. Yale ya zamani yenye masizi ndiyo yaliyosamehewa.

Nyama na maziwa ya kutoka kwetu hayaruhusiwi kuingizwa kule, hata yakiwa kidogo. Mbegu za kupanda zahitaji hati ya afya ya mimea, ambayo hapa Kenya hutolewa na KEPHIS. Pembe za ndovu na magamba ya ng'amba ni haramu kwa sheria ya mataifa, hata kama ni kitana alichoachiwa mtu na bibi yake. Mpingo nao umo katika orodha ya miti inayolindwa tangu mwaka 2017, basi mwenye kinyago cha mpingo na aulize kabla ya kukifunga. Tena angalieni sanduku lenyewe. Mbao zisizosindikwa za kufungia mizigo sharti ziwe zimetiwa dawa, au zimepashwa moto hata kiini chake kifikie nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, kisha zikapigwa mhuri. Seremala wetu wa mtaani hana mhuri huo. Sisi tulitumia makatoni.

Hati zote hazikutiwa merikebuni: vyeti vya uuguzi, vya ndoa, vya kuzaliwa, na kadi za chanjo za watoto. Hizo ziliingia mkobani, mkoba ukakaa begani. Kumbukeni merikebu Ever Given, iliyokwama katika mfereji wa Suez mwezi wa Machi 2021. Ilinasuliwa baada ya siku 6, lakini ikazuiliwa pamoja na shehena yake mpaka Julai. Wenye mizigo wakatakiwa kutoa dhamana ya kushiriki gharama za kuiokoa, kwa sheria ile ya kale ya bahari, kwamba hasara iliyoingiwa ili kuwaokoa wote hugawanywa kwa wote. Aliyekuwa na bima, bima ilimjibia. Basi kateni bima, wala msipakie kitu mtakachokihitaji wiki ya kwanza.

Hayo ndiyo ya fedha na sheria. Sasa nifike kwenye yale ya watu.

Sisi Wagiriama twajua tangu kale ya kuwa kuna vitu visivyohamishwa. Kigango kilichosimamishwa kwa ajili ya mzee aliyefariki hubaki mahali pake, hata watu wakihama. Vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo kama mapambo ya ukutani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kutoka Marekani, na mwaka 2019 jumba la makumbusho la Denver lilirudisha 30. Sineni hapa habari ya ibada. Nanena ya kwamba kitu chaweza kuwa mali ya mahali kuliko kuwa mali ya mtu. Nyumbani mwetu kulikuwa na picha moja tu ya marehemu baba. Mdogo wangu aliitaka, nami naliitaka, wala hatukugombana. Tulikwenda kwa mpiga picha, akatoa nakala nzuri. Nakala ikavuka bahari, na ile ya asili ikabaki ukutani kwa mama, mahali ilipokuwa.

Lakini jambo kubwa lilitokea juu ya kitanda. Shemeji alikuwa ameazimu kuuza samani zote. Hakuwa na choyo. Mpangaji wa Uingereza kwa kawaida hutakiwa kuweka amana na kodi ya mwezi wa kwanza kabla ya kupewa ufunguo, naye alihitaji kila shilingi. Mama yetu alikuwa amekuja kukaa nao siku za mwisho. Jioni moja wanunuzi wakaja na mkokoteni, wakatoa kabati, wakatoa meza, na mama ameketi barazani akitazama. Walipouliza kitanda ki wapi, mama akasema polepole, "Kumbe hamrudi."

Mdogo wangu akajibu, "Mama, tutarudi."

Mama akasema, "Mtu arudiye huacha mahali pa kulala."

Hapakuwa na mtu aliyejibu. Wenye mkokoteni wakaona haya, wakasema watakuja kesho.

Usiku ule tulizungumza mpaka saa sita. Ndipo nilipofahamu ya kuwa ile orodha yangu ilikuwa barua. Sisi tuliiandika kwa ajili ya wakala na forodha, lakini aliyeisoma kweli ni mama. Kila kitu kilichouzwa kilimwambia neno, na kila kilichopakiwa kilimwambia neno, wala hapana aliyemweleza maana yake. Wanaoondoka huhesabu mita za ujazo. Wanaobaki huhesabu dalili.

Shemeji, namsifu kwa hili, hakubisha. Alichukua daftari, akatafuta mahali pa kupunguza ili kitanda kisiuzwe. Mzigo uliokuwa mita za ujazo tatu ukawa mbili. Zikatoka baiskeli za watoto, ikatoka runinga, ikatoka na cherehani, ambayo mdogo wangu aliipenda. Cherehani akapewa mpwa wetu aliyekwisha kujifunza kushona, naye sasa ashona sare za shule. Kitanda kilipelekwa Kaloleni pamoja na godoro, chandarua na shuka mbili, kikawekwa katika chumba cha upande wa mwembe. Hatukukifunika kwa turubai. Chombo kisichotumika huliwa na mchwa, na kuona kitu kimefunikwa miaka na miaka ni kama kuona maiti nyumbani. Wajukuu hulala juu yake, na wote wajua ni cha nani.

Tena twalifanya jambo jingine. Msamaha wa ushuru wa Uingereza huruhusu vitu vifuate hata ndani ya miezi 12 baada ya mtu kuhamia. Basi tulifunga sanduku la pili, tukaliacha kwangu. Mtume Paulo mwenyewe aliacha joho lake Troa kwa Karpo, akaliagiza baadaye pamoja na vitabu, akimhimiza Timotheo aje kabla ya wakati wa baridi. Aliye mbali hujua anachokihitaji kuliko alivyojua siku ya kufunga mizigo. Baada ya miezi mitano mdogo wangu aliandika orodha fupi sana. Hakutaka hata nusu ya vile tulivyomwekea. Alitaka ungo, na daftari lenye mapishi ya mama, na leso nne zaidi.

Basi, ndugu zangu, mkipata mwana aendaye ng'ambo, mwulizeni juu ya kila kitu maneno haya. Kitafanya kazi gani huko? Je, ni chako, au ni cha mahali hapa? Na kikibaki, nani atakitumia? Kisha, kabla ya kumwita mnunuzi au wakala, mketi na wazee, mwasomee orodha yote kwa sauti, mkieleza sababu ya kila neno. Nayo kazi hii huchukua jioni moja tu.

Ni mimi ndugu yenu,
Mwalimu wa Kaloleni